Kipimo cha VVU Kimesema Hapana, na Mtoto Bado Anaumwa

Mama yule alifungua mfuko wa nailoni akatoa kadi tatu za kliniki, akaziweka pajani moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa ya mtoto aliyempakata, mvulana aliyekaribia miaka miwili, akihema kwa haraka na mbavu zikijichora kila anapovuta pumzi. Mbili za chini zilishachakaa kwenye mikunjo. Katika kadi ya kwanza mstari wa uzito ulipanda vizuri hadi mwezi wa saba, ukalala, ukateremka, ukakoma. Katika ya pili ulifanya vivyo hivyo, ila huyu alifika mwezi wa kumi na nne. Wote wawili walikuwa wavulana. Dada yao, aliyezaliwa kati yao, alikuwa mzima kabisa, yuko shule, darasa la pili.

"Mama, na hizi za zamani unazitunza za nini?" nesi aliuliza, sauti ameishusha.

"Hata sijui, dada. Nimeshindwa kuzitupa."

Nilikuwa kwenye benchi hilo hilo nikisubiri zamu ya mgonjwa wangu, na kwa miaka yote niliyoandika habari za afya sijaona kipimo kilichosema mengi kama kadi zile mbili. Mtoto alikuwa amelazwa kwa nimonia mara nne tangu afikishe miezi minane. Kila alipolazwa alipimwa VVU. Kila mara jibu lilikuwa hasi, ukoo ukashusha pumzi, akachomwa sindano zake, akarudishwa nyumbani. Hakuna aliyewahi kuuliza habari za kaka zake. Siku hiyo daktari wa watoto, kijana mwenye tochi ndogo mfukoni, aliomba kadi zote tatu, akazisoma kimya, kisha akamwambia mama amshike mtoto kichwa. Akammulika kooni. Alikuwa akitafuta tonsili, zile nyama mbili zinazovimba mtu akipata mafindofindo. Hazikuwepo. Koo lilikuwa tambarare pande zote mbili.

"Mafindofindo ameshawahi kuumwa huyu?"

"Hapana, daktari. Mengine yote ameumwa."

Kipimo kinauliza nini

Hapa kwetu mtoto anayeugua mfululizo hupimwa VVU kwanza, na ndivyo inavyotakiwa. Kosa huja baada ya hapo. Jibu likiwa hasi, watu huona swali limekwisha, kumbe swali lilikuwa kwa nini kinga ya mtoto huyu haimlindi. VVU ni jibu mojawapo. Utapiamlo ni jingine, tena ndilo linaloongoza duniani kwa kudhoofisha kinga za watoto. Jibu la tatu ni kasoro ambayo mtoto amezaliwa nayo, iliyoandikwa katika vinasaba vyake tangu tumboni. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo lililowaua kaka zake yule mtoto.

Tena hata lile jibu hasi lenyewe lina mtego. Kipimo cha haraka cha VVU, kile cha tone la damu kidoleni na mistari miwili, hakiwatafuti virusi wenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza ukishakutana na virusi hao. Mtoto asiyeweza kutengeneza kingamwili yoyote atapata jibu hasi hata angekuwa na VVU. Ndiyo maana mtoto anayeshukiwa kasoro ya kinga ya kurithi hupimwa VVU kwa kipimo kinachosaka vinasaba vya virusi, kile ambacho watoto wachanga wa mama wenye maambukizi hufanyiwa wakiwa na wiki sita, kwa damu ya kisigino inayodondoshewa kwenye karatasi maalumu na kuachwa ikauke. Ikumbuke karatasi hiyo. Nitairudia.

Ugonjwa wa mvulana yule ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1952 na Ogden Bruton, daktari wa jeshi la Marekani katika hospitali ya Walter Reed. Alikuwa na mgonjwa wa miaka minane ambaye kwa miaka minne alirudi wodini tena na tena, damu yake ikiwa imeingiwa na bakteria wale wale wa nimonia. Chanjo hazikumwachia chochote, na hata magonjwa aliyokwisha kuugua hayakumwachia kinga. Bruton alipopeleka damu yake kwenye mashine mpya ya kutenganisha protini, aliona kwamba fungu zima lenye kingamwili halipo kabisa. Hakuishia kuandika. Alianza kumchoma mtoto sindano za kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine, kila mwezi, na zile homa zikakatika. Tangu siku ya kwanza, ugonjwa huu uliingia vitabuni pamoja na tiba yake.

Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993. Inaitwa BTK na imekaa kwenye kromosomu ya X. Bila jeni hiyo, aina moja ya chembe nyeupe, zile zinazogeuka kuwa viwanda vya kingamwili, haikomai. Tonsili zimejaa chembe hizo. Chembe zisipokuwepo, tonsili hazioti. Kwa hiyo daktari mwenye tochi ya kawaida anaweza kuona ndani ya dakika moja kitu ambacho maabara nyingi za mikoani haziwezi kukipima.

Na kwa nini watoto hawa huwa wazima miezi ya mwanzo? Kwa sababu wanatumia akiba ya mama. Miezi ya mwisho ya ujauzito mama humpitishia mtoto kingamwili zake kupitia kondo la nyuma, na akiba hiyo hupungua nusu kila wiki tatu hivi. Kufikia mwezi wa nne hadi wa sita imekwisha, na mtoto wa kawaida anakuwa ameanza kujitengenezea zake. Huyu hana anachotengeneza. Ndipo mstari wa kadi unapolala, mwezi wa saba, wa nane, wakati ambao watu husema ni meno au ni kuanza kula.

Lini uwe na wasiwasi

Nianze na la kutuliza moyo. Mtoto mzima kabisa anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na anayeshinda na watoto wenzake wengi anaweza kuzidisha hapo. Akipona vizuri kati ya mafua na mafua, akila, akiongezeka uzito, akicheza, kinga yake inafanya kazi. Mafua mengi peke yake si dalili.

Dalili iko kwenye ukali, kurudiarudia na uajabu wa maradhi. Mjini New York, wazazi waliofiwa na kijana wao Jeffrey Modell akiwa na miaka 15 walianzisha taasisi yenye jina lake, na orodha yake ya ishara kumi imebandikwa kwenye kuta za kliniki nchi nyingi. Nazitaja zile ambazo mzazi anaweza kuziona mwenyewe: nimonia mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, masikio kutoa usaha au kuambukizwa upya mara nne au zaidi ndani ya mwaka, antibayotiki za miezi miwili bila nafuu ya maana, au maradhi yasiyoondoka mpaka kwa dawa za mshipa, majipu ya ndani yanayorudi, kwenye ngozi au kwenye viungo kama ini, utando mweupe mdomoni unaoendelea wakati mtoto amekwisha pita mwaka, uzito usiopanda, na ndugu wa damu mwenye tatizo kama hilo. Hii ya mwisho wengine huiweka chini kabisa ya orodha. Mimi ningeiweka juu. Wavulana wawili waliokufa wachanga katika nyumba moja, au watoto wa kiume wa upande wa mama waliokufa vivyo hivyo, wajomba waliokufa wakiwa hawajatembea: hayo ni maelezo ya kitabibu, na daktari hawezi kuyajua usipomwambia.

Ziko ishara nyingine ambazo kwa mazingira yetu zina uzito wa pekee. Kitovu kisichoanguka hata baada ya mwezi mzima. Mvulana mwenye ukurutu mkali, anayetoka damu puani au kwenye choo, na masikio hayakauki. Na chanjo ya BCG iliyoharibika. Hapa tuelewane vizuri. Ni kawaida kabisa sehemu iliyochanjwa kutunga kidonda kidogo baada ya wiki chache, kutoa usaha kidogo, na kupona ikiacha kovu. Hilo lisikutie hofu. Kisicho cha kawaida ni kidonda kinachozidi kupanuka mwezi baada ya mwezi, au tezi la kwapani upande ule ule linalovimba, kupasuka na kutoa usaha huku mtoto akikonda. BCG imetengenezwa kwa bakteria hai waliodhoofishwa. Kwa mtoto asiye na kinga, hata waliodhoofishwa wanaweza kumshinda nguvu.

Tafadhali usitumie maneno haya kuahirisha chanjo za mwanao kwa hofu tu. Watoto karibu wote wana kinga kamili, na kifua kikuu cha utotoni kinaua. Anayepaswa kusubiri ni mtoto ambaye ukoo wake tayari una kisa.

Namba moja kwenye karatasi ya maabara

Ipo aina kali zaidi kuliko ya yule mvulana. Humo hakuna kingamwili, na wala hakuna limfosaiti za aina ya T, zile chembe nyeupe zinazoongoza kinga yote. Watoto hawa hawangoji miezi sita. Wiki chache baada ya kuzaliwa wanaanza kuharisha kusikokoma, utando mweupe unajaa mdomoni hauondoki kwa dawa, kikohozi hakiishi, uzito haupandi. Wasipotibiwa, wengi hawaufikii mwaka wao wa pili.

Kipimo cha kwanza cha kumtambua mtoto huyu ni picha kamili ya damu, inayofanyika karibu kila hospitali ya wilaya kwa bei ambayo wengi wanaimudu. Karatasi ya majibu ina mstari ulioandikwa LYM. Hizo ndizo limfosaiti. Mashine nyingi hutoa namba mbili, asilimia na idadi, na watu huangalia asilimia. Idadi ndiyo yenye maana. Ikiwa haipo, ipige hesabu mwenyewe: chukua jumla ya chembe nyeupe, zidisha kwa asilimia ya limfosaiti. Mtoto mwenye chembe nyeupe 8,000 na limfosaiti asilimia 15 ana limfosaiti 1,200. Kwa mtu mzima hiyo ni namba ya kawaida. Kwa mtoto wa miezi minne ni kengele ya hatari. Mtoto wa mwaka wa kwanza akiwa mzima huwa na zaidi ya 3,000, mara nyingi zaidi sana, na akiwa chini ya 2,500 inabidi kipimo kirudiwe na sababu itafutwe. Karatasi ikiandika 1.2 badala ya 1,200, ni kitu kile kile.

Shida ni kwamba mashine nyingine zimepangiwa viwango vya watu wazima. Zitachapa 1.2 ya kichanga bila alama yoyote ya onyo pembeni, na aliyechoka zamu ya usiku ataipita. Hii ndiyo namba ninayomsihi kila mzazi aiulize kwa jina: "Daktari, limfosaiti zake ni ngapi, na kwa umri wake zilipaswa kuwa ngapi?" Swali hilo halimdharau daktari. Utapiamlo, VVU na maambukizi makali navyo huteremsha limfosaiti, kwa hiyo namba ndogo haithibitishi kasoro ya kurithi. Inasema tu kwamba kazi ya kutafuta haijaisha.

Picha ya eksirei ya kifua nayo ina jambo la kuangalia zaidi ya mapafu. Kwa kichanga mzima huonekana kivuli juu ya moyo, mara nyingine chenye umbo la tanga la ngalawa. Ni thaimasi, tezi ambamo limfosaiti za T hulelewa. Kwa watoto wa aina hii kali, kivuli hicho mara nyingi hakipo. Nacho hunywea kwa ugonjwa mkali na kwa njaa, kwa hiyo husomwa pamoja na damu, hakisomwi peke yake.

Baada ya hapo vipimo vinavyofuata ni kiwango cha kingamwili za IgG, IgA na IgM, na mgawanyo wa limfosaiti. Mashine zinazohesabu CD4 kwa ajili ya wagonjwa wa VVU zinafanya kazi ya ukoo huo huo, kwa hiyo hospitali zetu nyingi za rufaa zina pa kuanzia.

Utafiti umefika wapi

Miaka sabini iliyopita ugonjwa wa Bruton ulihesabika miongoni mwa kasoro chache zilizojulikana. Leo wanasayansi wameorodhesha zaidi ya 450. Baadhi humfanya mtoto ashindwe na kijidudu kimoja tu. Jean-Laurent Casanova, aliyefanya kazi Paris na baadaye New York, ameifanyia kazi fikra hiyo kwa miaka mingi, na mwanzo wake ulikuwa ni watoto waliougua vibaya kwa BCG. Mwaka 1996 timu mbili, yake na nyingine ya Uingereza, zilionyesha kwamba watoto walioshindwa na bakteria wa ukoo huo walikosa kipokezi cha kemikali moja ya kinga, gama-intaferoni. Barani kwetu, Aziz Bousfiha wa Casablanca ni miongoni mwa wanaoiandaa orodha ya kimataifa ya kasoro hizi, na Cape Town wameweka daftari la wagonjwa wao kwa miaka mingi.

Kisa kinachojulikana zaidi cha ile aina kali ni cha David Vetter wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1971. Kaka yake alikuwa amekufa akiwa na miezi saba. Wazazi walikuwa wameambiwa kwamba mtoto mwingine wa kiume anaweza kuzaliwa na tatizo hilo, hivyo David aliingizwa kwenye chumba cha plastiki kisicho na vijidudu mara tu alipotoka tumboni, wakitumaini kupata uboho unaomfaa. Aliishi humo miaka 12. Mwaka 1983 alipewa uboho wa dada yake. Ndani yake kulijificha kirusi ambacho vipimo vya wakati ule havikukiona, kikamletea saratani, akafariki Februari 1984. Kirusi hicho ni Epstein-Barr, kile kile kilichogunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda, ambao Denis Burkitt aliueleza akiwa Mulago, Kampala. Jeni iliyomkosesha David kinga ilitambuliwa mwaka 1993.

Upandikizaji wa uboho wenyewe ulikuwa umeshafaulu tangu 1968, pale Robert Good wa Minnesota alipompa mvulana wa miezi mitano uboho wa dada yake. Baadaye ikaja tiba ya kurekebisha jeni. Paris, mwaka 1999, Alain Fischer na Marina Cavazzana walianza kuchukua uboho wa mtoto mwenyewe, kutia jeni nzima ndani yake na kumrudishia. Watoto waliokuwa wafe walirudi nyumbani. Kisha likaja pigo: katika watoto 20 waliotibiwa Paris na London, angalau watano walipata saratani ya damu kwa sababu jeni ilijipachika mahali pabaya, na mmoja akafariki. Watafiti hawakuficha. Walisimamisha, wakatafuta chanzo, wakabadilisha namna ya kuisafirisha jeni. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021, kwa aina nyingine ya ugonjwa huu mkali, yalihusu watoto 50 wa Marekani na Uingereza: wote walikuwa hai, na kwa 48 tiba ilishika.

Lakini ukiniuliza ni ugunduzi gani ungeokoa wengi zaidi kwetu, sitataja huo. Nitataja karatasi ya kisigino. Limfosaiti za T zinapokomaa huacha vipande vidogo vya mviringo vya DNA, na vipande hivyo vinaweza kuhesabika kwenye damu iliyokaukia karatasini. Visipokuwepo, mtoto hana T. Jimbo la Wisconsin lilianza kuwapima vichanga wote hivyo mwaka 2008, na kufikia mwisho wa 2018 majimbo yote ya Marekani yalikuwa yakifanya hivyo. Walipohesabu waligundua kwamba mtoto mmoja katika kila 58,000 anazaliwa na aina hii kali. Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Uwiano ukiwa huo huo, ni watoto zaidi ya 30 kila mwaka kwa aina hii moja, na karibu wote huzikwa kwa jina la nimonia au kuharisha. Faida ya kuwahi nayo imepimwa: Marekani, waliopandikizwa uboho kabla ya miezi mitatu na nusu, asilimia 94 walikuwa hai miaka mitano baadaye. Waliopandikizwa wakiwa wamechelewa na maambukizi bado yanawasumbua, ni nusu tu.

Karatasi ya kukusanyia damu tunayo. Njia ya kuisafirisha kutoka zahanati hadi maabara kubwa tunayo, tuliijenga kwa ajili ya VVU. Wanaopanga huduma za watoto wachanga wana pa kuanzia.

Tiba iliyopo leo

Yule mvulana alipimwa kingamwili. IgG yake ilikuwa karibu na sifuri. Tiba yake ni ile ile ya Bruton iliyoboreshwa: kingamwili zinazokusanywa kutoka utegili wa watu zaidi ya elfu moja waliochangia damu, zikasafishwa, zikatiwa mshipani kila wiki tatu au nne. Kipimo cha kawaida ni miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo kumi anahitaji gramu nne hadi sita kila awamu, maisha yake yote. Dawa hii imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini bado ni ghali na haipatikani kila mahali. Ulizia mapema kwenye bima, ustawi wa jamii na famasi ya hospitali ya rufaa, maana dripu ya mwezi huu bila ya mwezi ujao haimsaidii sana.

Kile kinachopatikana kila mahali kisidharauliwe. Septrin ya kila siku, ile wanayopewa wenye VVU, huwakinga pia watoto wenye kasoro kali na wale ambao chembe zao zinameza bakteria bila kuweza kuwaua. Homa kwa watoto hawa haingojewi asubuhi. Maji ya kunywa yachemshwe. Walioko nyumbani wote wakamilishe chanjo zao, na mtoto mwenyewe asipewe chanjo yenye vijidudu hai, yaani BCG, matone ya polio, surua au rota, mpaka daktari anayemjua aamue. Aliyekosa kingamwili anaweza kubaki na kirusi cha matone ya polio tumboni kwa miezi au miaka. Mtoto mwenye aina kali akihitaji damu, mwambieni daktari kabla: damu atakayopewa inapaswa kupigwa mionzi kwanza, kwa sababu limfosaiti hai za mchangiaji zinaweza kumshambulia. Na kunyonyesha kusisimamishwe kwa ushauri wa jirani. Hilo ni la kuzungumza na daktari.

Uboho ndio tiba ya kudumu kwa aina kali, na ndugu wa baba na mama wamoja ana nafasi moja kati ya nne ya kufanana. Zamani safari ilikuwa India au Ulaya tu. Tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikipandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Ni ugonjwa mwingine, lakini ustadi ni wa ukoo mmoja, na mzazi ana haki ya kuuliza.

Nani wa kulaumiwa

Hakuna. Naliandika wazi kwa sababu nililisikia kwenye korido: kuna aliyekuwa amesema nyumba ile ina mkosi wa watoto wa kiume, na mama amesikia maneno hayo kwa miaka minane. Mwanamke ana kromosomu mbili za X. Moja ikiwa na kasoro, ya pili inamfunika, naye huwa mzima. Mwanaume ana moja tu. Kila mtoto wa kiume wa mama mwenye kasoro hiyo ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi ile mbovu, na kila binti nafasi hiyo hiyo ya kuibeba kimyakimya. Na mara nyingi kasoro huzuka upya, bila kuwepo kwa bibi wala babu.

Ziko aina nyingine ambazo huhitaji nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, na hizo huonekana zaidi pale binamu wanapooana, kama ilivyo desturi katika koo nyingi za pwani na za jamaa zetu wa Oman. Madaktari wa Muscat wameona wagonjwa wengi wa aina hizo. Watoto wengi wa ndoa za binamu huzaliwa wazima. Lakini ukoo uliokwisha kuzika mtoto kwa ugonjwa huu una sababu ya kuzungumza na daktari kabla ya posa nyingine ya ndani.

Niliporudi wodini baada ya wiki chache, mvulana alikuwa amekaa kitandani anakula ndizi, dripu ya pili imeisha. Mama alikuwa na mgeni, mdogo wake wa kike, mjamzito wa miezi saba. Nesi yule yule alikuwa ameiomba kadi ya ujauzito ya huyo mdogo mtu. Aliandika juu ya ganda lake kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, akizisoma kwa sauti wote wawili wasikie: AKIZALIWA WA KIUME, BCG NA MATONE YA POLIO YASUBIRI DAKTARI. Kisha akachukua zile kadi mbili kuukuu, akazipiga pini nyuma yake.